Juu ya Mafundi wa Chuma Wasio na Zana

Katika vijiji vyetu vya Kisarawe liko neno ambalo wazee hulisema kila mara kijana alalamikapo juu ya kifaa kibovu, nalo ni hili: mchagua jembe si mkulima. Nasi waalimu tumelifundisha darasani miaka mingi, tukawaeleza watoto maana yake, ya kuwa mvivu hatafuti jembe bali hutafuta udhuru. Leo twataka kulipinga neno hilo. Si kwamba ni uongo juu ya mvivu, la. Bali limekuwa kifuniko cha kufunikia ukosefu wa zana katika kazi moja ambayo twaiona ikikua mbele ya macho yetu, yaani kazi ya chuma, na vijana wetu wanaumia kwa ajili yake.

Shauri lenyewe ndilo hili. Vijana kumi wa kijiji kimoja wamefanya kikundi, nao wataka kuomba mkopo wa halmashauri. Wasomaji wajua ya kuwa halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana hao wameandika katika karatasi yao vitu vitatu: mashine ya kuchomelea, grenda ya kukatia, na jenereta. Hakuna cha nne. Tulipoombwa kuitazama karatasi kabla haijapelekwa, tuliuliza, "Mtapimia nini?" Mmoja akajibu, "Mwalimu, futi tutaazima kwa seremala." Tukauliza, "Na tupa?" Akasema, "Grenda itafanya." Hapo mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani akalitoa neno lake la jembe na mkulima, watu wakacheka, na mazungumzo yakaisha. Sisi hatukucheka, kwa kuwa tulikumbuka mlango wa ghala letu.

Mlango huo tulimpa kijana wa jirani autengeneze, mwenye mashine mpya kabisa. Ni kijana mwema, na mkono wake katika kuchomelea ni mzuri. Mshono wake ulikuwa umelala sawasawa kama magamba ya samaki. Lakini mlango ulipoletwa haukufunga. Ukisukuma juu, chini wabaki wazi. Ukisukuma chini, juu wakwama. Akaukata, akaunganisha tena, ukapinda upande mwingine. Siku mbili zikapita, vijiti vya kuchomelea vikaisha, na faida aliyoitarajia ikaliwa na kazi ile ile. Wala hakuwa na skwea, wala kamba ya kupimia, wala klampu. Alikata kwa jicho.

Twasema wazi ya kuwa mashine haikukosea. Mashine huunganisha chuma na chuma, lakini haijui pembe. Fremu ikiwa na pembe nne, fundi hupima mshazari kutoka pembe ya juu ya kushoto hata pembe ya chini ya kulia, kisha hupima mshazari wa pili. Mbavu zinazoelekeana zikilingana, na mishazari miwili ikilingana, fremu ni sawa. Isipolingana si sawa, hata mshono ung'ae kama fedha. Na asiye na skwea ana njia ya kamba: na atie alama ya sentimeta 60 katika ubavu mmoja, na ya sentimeta 80 katika ubavu wa pili, zote zikipimwa tangu pembeni, akiona kati ya alama hizo mbili pana sentimeta 100 barabara, pembe yake ni mraba. Hii ndiyo hesabu ya Pythagoras tuifundishayo darasani, ambayo watoto hutuuliza kila mwaka itawafaa nini. Laiti tungaliwaonyesha mlango!

Tena kuna jambo la pili asilolijua mwenye haraka. Chuma kilichoyeyuka kikipoa hunywea, na kikinywea huvuta. Ndiyo sababu fundi aliyefunzwa hachomelei pembe moja hata mwisho akaiendea ya pili. Huvibana vyuma vyake kwa klampu juu ya meza iliyo sawa, hushikiza kila pembe kwa nukta ndogo, hupima tena mishazari, huligonga kwa nyundo lililokwenda kando, kisha ndipo achomelee, huku kidogo na huku kidogo, ili mvuto wa upande huu uzuiwe na mvuto wa upande ule. Katika kazi hiyo yote mashine ina sehemu moja tu. Nyingine zote ni za mkono, na za vitu ambavyo havimo katika karatasi ya vijana wetu.

Twaambiwa tupa ni kitu cha zamani. Basi na tuitazame hiyo tupa. Ina meno yaliyolala mbele; hukata isukumwapo, wala haikati irudishwapo. Mwenye kuivuta mbele na nyuma kwa kuikandamiza, kama asuguaye sufuria, huyavunja meno yake, kisha husema tupa za siku hizi ni mbovu. Aijuaye huisukuma kwa mikono miwili, huilegeza irudipo, huipaka chaki ili unga wa chuma usizibe meno, naye haishiki kamwe bila mpini, maana mkia wake mkali umetoboa viganja vingi. Kadhalika msumeno wa chuma. Meno yake hutazama mbele, wala jani lake si la namna moja: liko la meno 18 katika inchi kwa chuma kinene, la 24 kwa chuma cha kadiri, na la 32 kwa bati na mabomba membamba, kwa kuwa yafaa meno matatu hivi yakanyage chuma kwa wakati mmoja, ama sivyo jani hukwama na kukatika. Na tindo, ambayo kichwa chake kikipigwa siku nyingi hufumuka kama uyoga, yapasa isagwe mara, kwa sababu vile vipande vya ukingoni huruka kama risasi.

Mtu atasema, "Haya ni mambo madogo." Naam, ni madogo, na mlango wetu ulipindwa na mambo madogo.

Lakini ubaya haukomei milangoni. Kama ungekuwa wa milango tu tusingeandika. Wasomaji wa Maneromango na Mzenga waijua barabara iendayo Mlandizi. Vijana wetu huipita kila juma, kwa kuwa ng'ambo ile, katika nchi ya Kibaha, ndiko kazi za chuma ziliko siku hizi. Kibaha si mahali pa jana katika mambo ya mafunzo. Mwaka 1963 Tanganyika pamoja na nchi nne za kaskazini ya Ulaya zilianzisha kituo pale, nacho mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa serikali yetu; ndicho kiitwacho leo Shirika la Elimu Kibaha, chenye shule, hospitali, na chuo cha maendeleo ya wananchi. Katika eneo la TAMCO malori ya Scania yaliunganishwa zamani. Mwezi wa Juni mwaka 2017 Rais John Magufuli alizindua kiwanda cha chuma cha Kiluwa huko Mlandizi. Kisha ikaja reli mpya, ipitayo Pugu, Soga na Ruvu, ambayo abiria walianza kuipanda mpaka Morogoro mwezi wa Juni mwaka 2024. Na huko Kwala pamejengwa bandari kavu. Popote kati ya hapo utaona nondo, kenchi, matangi na mabomba.

Je, vijana wetu wafanya nini humo? Tulikwenda kuwatazama. Asubuhi walikuwa wamesimama nje ya lango la kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja, wengi, wakingoja kuchaguliwa kwa kutwa moja. Waliochaguliwa walibeba. Walibeba nondo, walibeba chuma chakavu, walifagia. Kijana mmoja tuliyemfundisha wenyewe, ambaye huku kijijini huitwa fundi, alikuwa miongoni mwao. Tulimwuliza, "Mbona huchomelei, nawe una mashine nyumbani?" Akatujibu ya kuwa alipewa kipande cha bomba na karatasi yenye mchoro, akaambiwa apime, atie alama, akate, na kuleta viwili vinavyolingana. Hakuweza kuusoma mchoro. Akapewa glavu, akaambiwa abebe.

Twajua ya kuwa wako wenye viwanda wanaopenda kibarua kwa sababu kibarua hana mkataba, na wako wanaowaacha watu mwaka baada ya mwaka katika kutwa bila kuwafundisha neno. Hilo ni ovu, nasi hatulifuniki. Ingefaa mabaraza ya wilaya zote mbili yaulize ni wangapi waingiao wakiwa wabebaji na kutoka wakiwa mafundi. Lakini siku ile mtoto wetu alijaribiwa, naye akashindwa katika jambo ambalo lingefundishwa kwa rula, sindano ya kuchorea, bikari na msumeno. Hapo hatuwezi kumlaumu mwenye kiwanda peke yake.

Kazi zenyewe ni nyingi kuliko watu wadhanivyo. Husema "fundi wa kuchomelea" kana kwamba ndiyo kazi yote. Yuko asomaye mchoro na kutia alama juu ya bati, naye akikosea wote wamekosea. Yuko akataye, akunjaye, atoboaye, afungaye kwa bolti, asimamishaye kenchi juu kwa timazi na pimamaji, anoaye zana za wenzake, akaguaye mshono. Huko Gerezani, Dar es Salaam, wako watu waliosomesha watoto wao kwa kukunja bati tu, wakifanya majiko, ndoo na mabeseni kwa nyundo na mkasi. Hatujasikia mmoja wao akiomba jenereta kwanza.

Hapa yatupasa tujikaripie sisi wenyewe, maana twaandika kana kwamba kosa ni la wazee na vijana. Nani aliyewaambia wazazi ya kuwa kazi ya chuma ni ya walioshindwa mtihani? Ni sisi. Matokeo yakitoka, twamwambia mzazi wa mtoto aliyefaulu, "Hongera", na wa aliyeshindwa, "Basi mpeleke akajifunze ufundi." Neno hilo dogo, "basi," limeua mafundi wengi. Mtoto huenda katika karakana akiwa amekwisha kuhukumiwa, na yule ajuaye hesabu vizuri, ambaye angeweza kuusoma mchoro siku ya kwanza, hazuiwi na mtu kwenda mjini kutafuta kazi ya karani isiyokuwapo. Sera ya elimu ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeleta mkondo wa amali katika shule za sekondari. Tumesikia wazazi wakiuliza kwa hofu kama mtoto atiwaye humo amefukuzwa shuleni! Wala hatukuwajibu upesi, kwa kuwa baadhi yetu waalimu tuliuliza vivyo hivyo.

Wala ufundi huu si wa kigeni kwetu hata tuuogope. Felix Chami, mwanachuo wa mambo ya kale, aliandika mwaka 1992 juu ya Limbo, mahali palipo kusini ya Dar es Salaam, ambapo paliyeyushwa chuma katika karne za kwanza baada ya Kristo. Mavi ya chuma yangali yameonekana huko kwa wingi. Huko Upare ukoo wa Washana ulifua chuma, na wenyeji wa Kilimanjaro walipata majembe na mikuki kutoka kwao. Wafipa walijenga matanuri marefu kupita kimo cha mtu. Watu hao hawakuwa na umeme. Walikuwa na mvukuto, koleo, nyundo na fuawe, na mtoto alikaa miaka kando ya moto akivuta mvukuto kabla ya kupewa nyundo. Tena walichagua: mawe haya yafaa, haya hayafai, mkaa wa mti huu una joto, wa mti ule ni moshi mtupu.

Msomaji wa Kitabu cha kwanza cha Samweli aijua habari ya mlango wa 13, ya kuwa Waisraeli hawakuwa na mhunzi katika nchi yao yote, hata ikawapasa kuteremka kwa Wafilisti, adui zao, ili kunoa majembe na mashoka, tena kwa malipo. Sisi hatuna adui mpakani. Lakini tazama majembe yaliyo madukani kwetu, uulize yametoka wapi. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifua majembe ya nchi hii. Leo mengi tununuayo yamevuka bahari, na likipinda hatuna mtu kijijini wa kulinyosha. Katika kijiji chetu mhunzi wa mwisho alikufa bila mwanafunzi, na fuawe yake, tunaona haya kusema, iliuzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu kwa kupimwa kilo.

Sasa na tuwajibu wapingao, maana tumewasikia. Wa kwanza wasema zana za mkono ni polepole, na mteja hangoji. Ni kweli grenda hukata kwa pumzi moja bomba ambalo msumeno hulikata kwa robo saa, nasi hatuichukii. Lakini grenda hufuata mstari, na mstari huchorwa kwa mkono. Pasipo mstari, grenda hukosea upesi tu. Wa pili wasema maskini hawezi kununua vyote. Twakubali, na ndiyo sababu tunagombana juu ya kipi kitangulie. Umeme umekwisha fika katika kijiji cha vijana hao. Jenereta waliyoiandika ni ya kuogopa kukatika kwake. Tulikwenda na bei zao dukani tukaona ya kuwa fedha ya jenereta peke yake yatosha kwa jiliwa, klampu nne, skwea mbili, tupa za namna tatu, misumeno miwili na majani yake, nyundo, tindo, bikari, rula ya chuma na pimamaji, na miwani na glavu za watu wote kumi.

Hizo za mwisho tuzinene kidogo. Katika karatasi yao hapakuwa na kioo hata kimoja cha kulinda macho. Wataka kununua jua na kulitazama! Mwanga wa mashine huchoma jicho bila mtu kusikia maumivu wakati ule; usiku ndipo huamka akidhani ametiwa mchanga. Na achomeleaye bati lililopakwa zinki katika chumba kisicho na hewa hupatwa jioni na homa na kutetemeka, naye hunywa dawa ya malaria, kumbe ni moshi wa zinki. Tumemwona kijana aliyetibiwa malaria mara tatu kwa msimu mmoja, na kila mara ilikuwa baada ya kutengeneza matangi.

Wa tatu ndio wenye methali. Yule mzee wa barazani ni mtu tunayemheshimu, naye hutuita wanawe. Baada ya mkutano tulimkuta dukani akinunua jembe kwa ajili ya msimu. Alishika moja, akaligonga kwa jiwe, akasikiliza, akalirudisha. Akashika la pili, akatazama tundu la mpini kwa jicho moja, akalirudisha. La tatu ndilo alilolilipia. Tukamsalimu, tukamwuliza, "Baba, wachagua?" Akacheka sana, akasema, "Jembe bovu lavunja mgongo, wanangu." Hatukumwongezea neno, ila tulimwomba aje siku ya kikundi kukutana, naye ameitikia.

Mkutano huo ni Jumamosi hii. Tumeiandika karatasi upya pembeni, tukaacha mashine ya kuchomelea na grenda, tukaifuta jenereta, tukaziandika zana zote tulizozitaja. Tumeongeza pia ya kwamba wawili katika kikundi, mmoja wao yule binti ajuaye hesabu kuliko wenzake, waende kwanza katika chuo cha VETA kilichoko Kibaha kujifunza kusoma mchoro, na wanane waliobaki wasianze kuchukua kazi za watu mpaka hao wawili warudi. Vijana wengine wamekasirika, wasema twawachelewesha. Karatasi ni yao na mkopo watalipa wao. Wakipenda kuirudisha jenereta, watairudisha. Lakini wametuomba tutie sahihi kama wadhamini wa tabia na kazi yao, nasi tumekwisha kuwaambia ya kuwa karatasi isiyo na tupa wala kioo cha macho hatutaitia sahihi.